Dada Mwamini, Mama Sasa Anajua

Mwaka umetimia sasa, dada yetu Mwamini, tangu utolewe katika nyumba ya mama pale Ujiji ukiwa umefunikwa, na mama hakuwepo kukuaga. Hakuwepo kwa sababu sisi watoto wake tulikuwa tumemficha.

Wengine huandika kumbukumbu za wapendwa wao kwa majonzi. Nasi majonzi tunayo, Mungu anajua, ila kinachotusukuma leo ni aibu. Tunaisema mapema ili anayesoma asije akatupa pole tusizostahili.

Ninayeandika ni mimi Zuleha, kitinda mimba wenu. Kaka Sefu alipewa kazi hii kwa kuwa ndiye mkubwa. Akaanza mara mbili, mara zote akaishia kwenye tarehe. Abdulkarimu yupo Dar es Salaam, na amesema atakubali chochote tutakachoandika. Unamfahamu Abdulkarimu, tangu utotoni yeye ni mtu wa kukubali. Basi imeniangukia mimi, na pengine ndivyo inavyostahili, maana uongo mkubwa kuliko wote ulitoka kinywani mwangu.

Ulikuwa mtu wa kucheka kabla kichekesho hakijafika. Ukianza kusimulia unajipiga paja, unafuta macho kwa pindo la kanga, nasi tunakusubiri kama abiria waliochelewa boti. Hadithi yenyewe ikifika mwisho haichekeshi hata kidogo. Tulikuwa tunakucheka wewe.

Macho ya mama yalipofunga, uliacha meza yako ya mawese na dagaa sokoni, ukarudi nyumbani na kile kirago chako na masufuria uliyotoka nayo kwa mumeo mlipoachana. Hakuna aliyekutuma. Sisi tulikuwa sebuleni kwenye kikao cha familia, kila mmoja anaeleza shughuli zake zilivyo nyingi, na wewe ulikuwa jikoni unasonga ugali. Ulipoingia na sinia ukasema, "Mnabishana nini? Mimi nimeshahamia." Tukanawa, tukala. Tulikula vizuri sana siku ile.

Tangu hapo ukawa macho yake. Asubuhi ulimtoa barazani, ukamkalisha mkekani, ukakaa ubavuni mwake na beseni la unga wa mandazi, ukawa unamsimulia njia. "Mama, anapita Jeremia fundi baiskeli. Leo kavaa shati la mkewe, vifungo viko upande wa kike." "Mama, mbuzi wa Bi Wema wanatafuna kofia ya mtu." Mama anauliza, "Kofia ya nani?" Unamjibu, "Tulia, atapita mwenyewe kichwa wazi, nitakwambia." Mama anacheka mpaka anakohoa. Wapo watu waliokuwa wanapita njia ile makusudi, wakarudi tena, ili wasikie wamesemwaje.

Samaki wake wa mgebuka ulimchambulia kwa vidole, mwiba mmoja mmoja, na tonge la kwanza ukalipitisha mdomoni mwako kuhakikisha. Miguu yake uliikanda kwa mawese ya uvuguvugu. Nguo zake zilinukia udi. Aliyewahi kumuuguza mzazi wake anajua nimesema nini hapo, na asiyewahi tunamwombea asicheke.

Na mama yetu, kwa asiyemjua, mtaa mzima unamwita Mama Sefu, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa muosha maiti za wanawake mtaani kwetu. Mwanamke akifariki, yeye ndiye wa kwanza kuitwa, kabla sanda haijakatwa. Wanaomjua wanasema alikuwa haoshi kimya kimya. Alisema na marehemu kwa upole, "Geuka, mwanangu. Inua mkono, mama. Tunamaliza sasa hivi." Kazi hiyo alikufundisha wewe, akamfundisha na Bi Wema wa nyumba ya pili. Mimi alinifundisha siku moja, nikakimbia na kanga ya mtu.

Alikwisha kusema mbele yetu sote kwamba siku yake ikifika ataoshwa na Mwamini. Wewe ukamjibu, "Mama, kwa unavyopenda maji ya moto, utaamka unigombeze." Akakupiga na upepeo. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yenu, nasi tulikuwa mashahidi.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tuliuona wako mwepesi mpaka tukasahau kwamba umebeba. Mimi nilikuwa na saluni yangu Gungu. Nilikuja Ijumaa na sabuni na sukari, nikakaa kwenye kiti, nikanywa chai yako, nikaangalia simu. Ukaniita mgeni wa heshima. "Mama, jitande vizuri, amekuja mgeni wa heshima." Nilicheka, na mama akacheka. Sikutaka kuona kwamba ulikuwa unanisema.

Yule fundi boti wa Kibirizi alipokuja na mjomba wake kukuposa, ulitaka. Tulikuona, dada. Ulitoa kanga mpya ukaivaa siku ya kazi. Kaka Sefu akakuvuta uani akakwambia, "Subiri kwanza, mama tutamwacha na nani?" Alisema "tutamwacha", utadhani sote tulikuwa tumemshika mkono. Fundi wa watu alisubiri, akaja tena, akachoka, akaoa kwingine. Nilipokuuliza ukasema alikuwa mfupi. Hakuwa mfupi.

Na tumbo lilipoanza kukusumbua ulinipigia simu. Ulisema, "Zuleha mdogo wangu, njoo ukae na mama kidogo, nami niende hospitali nikaangaliwe." Nikakwambia wiki ijayo, dada, wiki hii nina maharusi wa kupamba. Ukasema, "Haya, tumbo halina harusi, litangoja." Halikungoja.

Jirani yetu Leonia, muuza samaki, alipita dirishani kukusalimu kama kawaida yake, "Mwakeye, Mwamini," asisikie jibu. Akaingia akakukuta jikoni umekaa chini. Ulimkataza kupiga kelele ili mama aliyekuwa barazani asishtuke. Alikutoa kwa mlango wa uani, akakupakia kwenye bajaji. Ulifia njiani, na kwa maneno ya Leonia mwenyewe, ulikuwa unamwagiza arudi akaepue uji wa mama.

Kaka Sefu alipofika Ujiji alimkuta mama barazani anakuita. Mama ana presha. Kaka akaogopa tusije tukazika wawili, na hofu ile ilikuwa ya kweli, hatumsingizii. Akamwambia, "Mama, Mwamini ameondoka na boti ya asubuhi kwenda Mwamgongo, shangazi anaumwa. Twende kwangu Gungu, mkwe wako anakutaka." Mama akafurahi. Akaomba abadilishe kanga kwanza. Kaka alikuwa na nyumba Gungu miaka yote hiyo, na mama alikuwa hajawahi kuitwa kulala.

Mimi nilipewa kazi ya kukaa naye. Shemeji akapika pilau, ili pale nyumbani paonekane pana furaha, nami nikafungua redio kwa sauti isije ikapenya sauti ya mtu anayelia kwenye simu. Wakati ule ule, Ujiji, Bi Wema na wenzake walikuwa wanakuosha. Mama akala, akasifu. Akasema, "Mwamini angekuwepo angeuliza mdalasini huu umetoka wapi." Nikamwambia ni kweli, mama. Nikamwongezea nyama.

Tulisema ni mpaka matanga yaishe. Yalipoisha tukasema ni mpaka arobaini. Ilipopita arobaini tukasema mfungo unakaribia, mzee wa watu tusimwage machozi yake mfungoni. Njia ya mwongo ni fupi, lakini sisi tulikuwa tunaijenga huku tunatembea.

Mama alitaka kurudi kwake, tukamrudisha. Tukawaomba majirani watusaidie, na wengi walikubali kwa kutuheshimu. Ila Bi Wema alisema, "Mimi simwongopei aliyenifundisha. Akiniuliza nitanyamaza, na kimya changu kiwe juu yenu." Wanawake wakawa wanapita barazani kwa salamu za haraka. "Shikamoo bibi, tuko mbioni bibi." Mama akawa anasema, siku hizi Ujiji nzima inakimbizwa na nani?

Sasa tuseme lile ambalo hata kwenye vikao vyetu tulikuwa hatulisemi. Uongo ule ulitufaa sisi kuliko ulivyomfaa mama. Kwa kuwa ulikuwa umesafiri, basi ungerudi, na kwa kuwa ungerudi, hakuna kati yetu aliyelazimika kuhamia. Tukawa tunakaa kwa zamu, kama watu wanaomlindia abiria begi lake stendi. Leo mimi, kesho mke wa Sefu, keshokutwa binti wa kazi ambaye jina lake lilibadilika kila baada ya muda mfupi. Abdulkarimu alituma ujumbe wa sauti, wa kututia moyo.

Na kazi yenyewe tulikuwa hatuijui. Chai tulimpa haina tangawizi. Maji ya kuoga mara ya moto mno, mara baridi. Siku moja nilimvisha gauni ndani nje, akakaa nalo barazani mpaka adhuhuri, watu wanapita, hakuna wa kumsimulia. Mwiba ulimkwama kooni kwa sababu nilikuwa nachambua samaki huku macho yangu yapo kwenye simu.

Kila tulipomkosea, alikulaumu wewe. "Mwamini ameniacha na watu wasiojua kazi," alisema. "Mwamini amechoka na mimi." Hatukukutetea, dada. Tulikuwa tunasema, "Mvumilie, mama." Mvumilie! Kana kwamba mwenye kosa ni wewe.

Ikafika Idi. Wewe unajua desturi yake siku hiyo. Anakaa na kanga mpya, watoto wanamwendea mmoja mmoja, wanamshika mkono, wanaomba radhi. Tulimwendea. Abdulkarimu akaomba kwa simu. Mama akaacha mkono wake umenyooshwa pale pale magotini. Akauliza, "Na Mwamini?" Sefu akasema Mwamgongo mtandao haushiki. Mama akasema, "Bariki mchuuzi wa dagaa yuko huko huko Mwamgongo, na kila siku anampigia mkewe hapo ng'ambo ya njia, wanagombana mpaka nasikia. Mtandao unamshika Bariki peke yake?"

Sefu akaniangalia. Abdulkarimu, huko kwenye simu, akakohoa. Nami nikasema, "Mama, ukweli ni kwamba Mwamini ameolewa huko. Anaogopa kukwambia."

Sijui nililitoa wapi. Nilitaka tu ule mkono aushushe. Wewe uliyekataa mume kwa ajili yake, na tuliyekukatalia mume kwa ajili yetu, nikakuoza ukiwa kaburini.

Mama alishusha mkono. Akauliza, "Ameposwa kwa nani? Nani amepokea mahari? Mimi nimekufa?" Siku zile hakula vizuri, na alipoanza kula alikuwa hasemi. Kisha asubuhi moja, wanawake wa mtaa wakiwa wamekaa barazani kumjulia hali, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka njiani, "Sikieni. Mwamini niliyemzaa ameona bora mume kuliko mama yake kipofu. Nikifa asinioshe. Mkono wake usiniguse."

Wote waliokuwa pale walikuwa wamehudhuria mazishi yako. Bi Wema akainuka akaondoka, viatu kavishika mkononi. Mimi nilikuwa mlangoni na kikombe cha uji, nikarudi ndani nacho. Nilikaa chumbani kwako mpaka uji ukapoa, na bado sikusema.

Ingefika wapi hatujui. Lakini mwezi uliopita mama aliagiza aitiwe mwalimu wa madrasa, anataka kuusia. Mwalimu akaja baada ya alasiri. Kaka Sefu alikuwepo, mimi nilikuwepo, na Bi Wema na Leonia waliitwa na mama mwenyewe wawe mashahidi kwa upande wa majirani.

Mama akasema, "Mwalimu, shuhudia. Nina watoto wanne. Kuanzia leo nihesabieni watatu. Mwamini nime—"

"Bi mkubwa, usimalize!" Mwalimu alinyoosha mkono, akasahau kwamba hamwoni. "Neno hilo likitoka halirudi." Akatugeukia sisi akiwa na hasira ambayo hatujawahi kuiona kwake. "Mimi ndiye niliyesimama mbele ya jeneza. Sasa mnataka nishuhudie haya? Semeni, au nitasema mimi."

Mama akageuza uso kuelekea kwenye sauti. "Jeneza la nani?"

Kaka Sefu, mtu mzima anayeamrisha vijana bandarini, alifunika uso kwa kofia yake. Leonia akaanza, "Yoo, mama we," akajiziba mdomo. Mimi nikasema, "La Mwamini, mama."

Hakupiga kelele. Presha tuliyoiogopa hata haikumwangusha. Aliuliza maswali, moja moja, kama mtu anayepekua nguo kwenye sanduku.

"Lini?"

"Mwaka jana, mama. Kabla ya mfungo."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Gungu, kwa kaka Sefu."

Akafikiri. "Ile siku ya pilau."

"Ndiyo, mama."

"Nilikula," akasema. "Nikaomba na ukoko." Kisha akauliza, "Nani alimwosha?"

Bi Wema akasogea mkekani. "Ni mimi, mama. Nilimwosha kama ulivyonifundisha."

"Ulisema naye?"

"Nilisema naye."

"Ulimwitaje?"

"Nilimwita mwanangu. Kwa niaba yako."

Hapo ndipo mama alipolia. Alilia akiwa ameshika mikono ya Bi Wema, akiipapasa vidole kimoja kimoja mpaka kwenye kucha, na Bi Wema akamwachia. Sisi tulikuwa pale pale, hakuna aliyetukumbuka.

Sefu akasema, "Mama, tuliogopa presha."

"Presha ya nani?" mama akamuuliza. "Macho ndiyo yamefunga, Sefu. Mikono yangu haijapofuka. Nimewaosha watoto wa watu mtaa huu mzima, wa kwangu mmoja akafa, mkanipeleka karamuni. Nilisema asinioshe. Kumbe mimi ndiye sikumwosha."



Kisha mama akaomba wote wainue mikono. Akasema maneno haya, nasi tunayaandika kama alivyoyasema: "Mwamini binti Athumani, nimekuridhia. Nimekuridhia kwa maziwa niliyokunyonyesha na kwa uji ulioninywesha. Niliyoyasema juu yako niliyasema gizani, Mungu ayafute. Huna deni kwangu, mwanangu. Mimi ndiye nina lako." Mwalimu akaitikia amina, Bi Wema akaitikia. Leonia naye, ambaye ni Mkristo, akafanya ishara ya msalaba na akaitikia kwa sauti kuliko sisi.

Ndiyo sababu ya tangazo hili, dada. Mama ameamuru. "Nilimsema barazani, watu wakasikia. Nanyi mwandike, lisomwe barazani, watu wasikie. Lisomwe na kwenye hitma yake." Basi yeyote aliyepata kusikia kwamba Mwamini alimkimbia mama yake, au kwamba aliolewa Mwamgongo bila radhi, ajue kwamba ni uongo, na uongo huo ni wa Zuleha. Mwamini hakwenda kokote. Tangu ahamie kumuuguza, alimwacha mama yake mara moja tu, na ilikuwa kwenda kufa.

Saluni nimeifunga na nimehamia Ujiji, kwenye chumba chako. Usinisifu. Nimekuja ukiwa hupo, wakati ningeweza kuja ukiniita. Sasa najua mgongo unavyouma mtu anapomgeuza mzee peke yake, na najua kwa nini ulikuwa unasinzia umekaa. Najua pia kwamba kuna siku mtu anachukia, anamchukia mzee wa watu asiye na kosa kwa sababu tu amemwita tena, kisha anajificha chooni alie. Sijui kama nawe ulipitia hayo. Hatukuwahi kukuuliza.

Mama anakula mkononi mwangu. Ananiruhusu nimwogeshe, na maji nimeanza kuyapatia. Lakini haniiti jina. Ananiita "wewe". Juzi nilijaribu kumsimulia njia kama ulivyokuwa ukifanya. Nikasema, "Mama, anapita mtu na baiskeli." Akangoja. Nikasema, "Anapita mwingine." Akasema, "Wewe, huoni," akaomba arudishwe ndani. Siku iliyofuata nikasema, "Mama, Jeremia anasukuma baiskeli, mnyororo umekatika, na yeye ndiye fundi." Hakucheka, ila hakuomba kurudi ndani.

Siku yake ikifika ataoshwa na nani, hajasema tena, na hakuna mwenye uso wa kumuuliza. Mimi nimeanza kufuatana na Bi Wema anapoitwa. Nashika birika, namimina maji. Bi Wema ananiambia, "Sema naye." Nasema naye kwa sauti ndogo. Mara moja tu nimeweza kusema "mwanangu", na marehemu alikuwa bibi aliyetuzidi umri mimi na Bi Wema kwa pamoja. Ungekuwepo ungelicheka hilo kabla sijamaliza.

Kaka Sefu sasa anakuja kila siku akitoka bandarini. Anakaa chini, kwenye mkeka, na anamkanda mama miguu kwa yale mawese. Anakanda vibaya. Mama anamwacha akande. Abdulkarimu alifika kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya hitma hii, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe amekataa jambo. Alikataa kulala hotelini.

Jana nilimsomea mama maneno haya yote kabla ya kuyatoa. Alisikiliza mpaka penye majina. Nilikuwa nimeandika kwamba unakumbukwa na mama yako mpenzi pamoja na ndugu zako Sefu, Abdulkarimu na Zuleha. Akanisimamisha. "Mimi niandikeni peke yangu," akasema. "Msinichanganye na ninyi." Nikabadilisha. Kisha nikapiga magoti, na Sefu akapiga magoti, na Abdulkarimu nyuma yetu, nikamuuliza, "Mama, na sisi je? Radhi zetu?" Akapapasa mpaka akakipata kichwa changu, akakaa amekishika, nami nikadhani anatoa. Akasema, "Mwamini nimempa. Ninyi bado."

Anakukumbuka mama yako, Mama Sefu wa Ujiji, aliyekuridhia.

Wanakukumbuka kwa aibu ndugu zako Sefu, Abdulkarimu na Zuleha, wanaongojea.

Hatutakusahau kamwe, Mwamini. Mama hajaturuhusu.